Bonasi na Mvua Huja Pamoja: Nani Hutunza Kanisa Dogo?

Kila mwaka, kati ya Septemba na Oktoba, milima ya Imenti na Igembe, kule Meru, hupokea wageni wawili kwa mpigo. Wa kwanza ni bonasi ya chai, yale malipo ya pili ambayo viwanda vilivyo chini ya KTDA, wakala wa maendeleo ya chai Kenya, kama Kionyo, Githongo, Michimikuru na Kiegoi, huwalipa wakulima baada ya mwaka wa fedha kufungwa mwezi Juni. Wa pili ni mvua za vuli. Upande wa Embu, kwa wakulima wa Mungania na Rukuriri, mambo ni yale yale. Mkulima hufurahia wageni wote wawili. Kanisa dogo lenye paa linalovuja lina shida nao, kwa kuwa fedha za kulitengeneza huingia siku zile zile ambazo fundi hawezi kupanda juu.

Ninazungumzia makanisa madogo ya Methodisti, yale ambayo waumini wake wote wanajuana kwa majina na kwa mashamba. Jengo ni la mawe au mbao, paa ni la mabati, madirisha ni ya vyuma, na nyuma kuna jiko la moshi ambalo akina mama hupikia siku za mikutano. Mengi ya makanisa haya yalianza kama vyumba vya kusomea, watoto wakifundishwa kusoma siku za wiki na wazazi wakiabudu humo humo Jumapili.

Wamethodisti walianza kazi Kenya mwaka 1862 huko Ribe, nyuma ya Mombasa, Thomas Wakefield akiwa miongoni mwa wamisionari wa kwanza. Meru walifika nusu karne baadaye, na kituo chao cha Kaaga kilifunguliwa mwaka 1912. Wakati huo madhehebu ya Kiprotestanti yalikuwa yakigawana maeneo ili yasigombanie waumini. Waanglikana walikuwa wameshaanza Kigari, Embu, mwaka 1910. Wapresbiteri walichukua Chogoria, alikokwenda Dakta Clive Irvine mwaka 1922. Wamethodisti wakabaki na Imenti, Tigania na Igembe, ingawa Wakatoliki wa shirika la Consolata hawakuwa sehemu ya mapatano hayo na walikuwa jirani zao tangu mwanzo. Ndiyo maana hata leo, ukivuka mto Thuci kuingia Embu, kanisa la Methodisti mara nyingi utalikuta dogo, limezungukwa na majirani wa Kianglikana na Kikatoliki. Kule Kaaga na Maua lina shule, hospitali na chuo kikuu kando yake. Embu linategemea familia zake tu.

Ili kuelewa kwa nini paa linavuja, lazima kwanza uelewe jinsi fedha na watu wanavyozunguka katika dhehebu hili. Kanisa la mahali halisimami peke yake. Makanisa kadhaa huunda sakiti, sakiti huunda sinodi, na juu yake kuna Konferensi. Mchungaji hupangiwa sakiti nzima. Jumapili hii yuko kanisa hili, ijayo yuko lile, na mahali asipokuwepo mimbari hushikwa na wahubiri wa kujitolea: mwalimu wa shule, muuza duka, mkulima wa kahawa. Zamu zao huandikwa kwenye ratiba ya robo mwaka. Baada ya miaka kadhaa mchungaji huhamishwa, na mwingine huja. Utaratibu huu ni wa John Wesley mwenyewe, mwanzilishi wa Umethodisti, na una faida zake, lakini una maana moja kwa jengo: mchungaji anapita, bati linabaki. Anayejua ni lini msumari wa kona ya mashariki ulilegea ni msimamizi wa kanisa au mama anayefagia Jumamosi, wala si mchungaji.

Fedha nazo hupanda kwenda juu. Kila kanisa hukadiriwa kiasi cha kupeleka kwenye sakiti, na humo ndimo unamotoka mshahara wa mchungaji na mchango wa ngazi za juu. Makadirio hayo hayaangalii kama mwaka huu kahawa imelipa au miraa imekosa soko. Igembe wanakumbuka Uingereza ilipopiga marufuku miraa mwaka 2014, na Somalia iliposimamisha ndege za miraa kuanzia 2020 hadi 2022. Mkulima akikosa, sahani ya sadaka hukosa pia, ila makadirio yapo pale pale. Mweka hazina wa kanisa dogo hulipa sakiti kwanza, halafu umeme, halafu gharama za wageni. Matengenezo hupata kinachobaki, na kinachobaki mara nyingi ni sifuri. Simlaumu. Hakuna mwangalizi wa sakiti anayepiga simu kuulizia hali ya mifereji ya paa.

Fedha za ujenzi, kwa upande mwingine, hazijawahi kuwa ngumu sana kupatikana Kenya. Harambee ya kanisa jipya huvuta mbunge, mwakilishi wa wadi na wana wa kijiji walioko Nairobi. Kuna mahema, kuna kwaya, kuna majina yanayosomwa kwa kipaza sauti. Sasa jaribu kuitisha harambee ya gata la paa. Hakuna atakayekuja, na akija hatasomewa jina. Kwa hiyo tunajenga makanisa makubwa kuliko tunavyoweza kuyatunza, na tukimaliza kuta tunanunua kinanda na spika kabla ya kununua tangi la maji. Mwaka 2024 mjadala wa fedha za wanasiasa makanisani ulipamba moto. Novemba mwaka huo Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Kanisa Katoliki Nairobi alikataa fedha ambazo Rais William Ruto alizitoa katika parokia ya Soweto. Mjadala ulihusu heshima ya madhabahu. Mimi niliutazama kwa jicho la fundi pia: fedha za mgeni hujenga mara moja, hazirudi kuangalia misumari.

Jambo la kushangaza ni kwamba Wamethodisti wana chombo kilichobuniwa hasa kwa gharama za jengo, na wengi wao wamesahau kilikotokea. Ni yale makundi madogo ya washirika, madarasa, ambayo kila Mmethodisti huandikwa ndani yake na kupewa kiongozi. Leo darasa linajulikana kwa sala za nyumbani, kuwatembelea wagonjwa na kusimamia matanga. Lakini lilizaliwa na deni la jengo. Wafuasi wa Wesley walikuwa wameanza kujenga nyumba yao ya ibada Bristol, Uingereza, mwaka 1739, na deni likawaelemea. Februari 1742 walikaa kushauriana. Kapteni mmoja wa meli, Foy, akapendekeza kila mshirika atoe peni moja kwa wiki mpaka deni liishe. Mwenzake akasema wengi ni maskini, hawana hata hiyo peni. Foy akajibu: nipeni kumi na mmoja walio maskini kuliko wote. Nitawapitia kila wiki. Mwenye kutoa atatoa, asiye nacho nitamtolea mimi. Wengine wakakubali kuchukua kumi na mmoja wao pia.

Hivyo ndivyo watu kumi na wawili walivyogeuka kundi. Katika kupita nyumba kwa nyumba kukusanya peni, viongozi wakaanza kukuta mengine: huyu ni mgonjwa na hakuna aliyejua, yule amerudia ulevi, nyumba ile ina ugomvi. Wesley alipopata taarifa hizo akaona kwamba amepata njia ya kuwachunga watu ambayo alikuwa akiitafuta kwa muda mrefu. Deni liliondoka, madarasa yakabaki, yakavuka bahari hadi Ribe na kupanda mlima hadi Kaaga. Msaada wa paa na msaada wa mgonjwa vilikuwa safari moja, ya mtu mmoja, kwa nyumba ile ile.

Katika makanisa madogo ya Meru bado kuna mabaki ya mpango huo. Madarasa hupokezana zamu za kusafisha kanisa Jumamosi. Darasa moja huleta maua, jingine huosha sakafu. Wakati wa matanga, darasa la marehemu ndilo huhesabu viti, sufuria na mahema ya kanisa yanapotoka, na ndilo huhesabu yanaporudi, kazi isiyo na shukrani yoyote maana viti viwili hukosekana kila mara. Siku ya mavuno watu huleta ndizi, nduma, mahindi na kuku, na baada ya ibada mnada hufanyika nje: mkungu mmoja wa ndizi unaweza kununuliwa, kurudishwa na kununuliwa tena na mtu mwingine. Machi 2020 serikali ilipofunga nyumba za ibada kwa sababu ya korona, na hata Julai zilipofunguliwa kwa watu wasiozidi 100 na ibada ya saa moja, viongozi wa madarasa wenye orodha za simu walikuwa na njia ya kufikisha sadaka kwa M-Pesa na habari za wagonjwa. Kanisa lisilo na orodha hiyo lilikuwa na jengo tu.

Sasa tuje kwenye bati lenyewe, kwa sababu huku ndiko makosa yanakofanyika. Chukua kanisa lenye paa la mita 15 kwa 8, yaani mita za mraba 120. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mvua ya jioni moja yenye milimita 50, ambayo si ajabu kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, huangusha lita 6,000 juu ya paa hilo. Pasipo gata, maji hayo yote huanguka mstari mmoja kando ya ukuta. Udongo mwekundu hurukia lipu, msingi huanza kuonekana, na baada ya misimu michache ufa hupanda kutoka chini kuelekea dirishani. Waumini huona ufa, huita fundi apake rangi. Rangi haijawahi kuzuia maji yanayotoka chini. Methali ya ufa na ukuta imehubiriwa katika makanisa haya mara nyingi kuliko ilivyofuatwa.

Kuhusu mabati, kumbuka kwamba namba ya geji ikipanda bati huwa jembamba: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 kuliko 32. Kamati hununua 32 kwa sababu bei ni ya chini, kisha upepo wa mabonde ya Tigania hulikunja. Msumari wa bati la mawimbi hupigwa juu ya mgongo wa wimbi. Ukipigwa bondeni, ambako maji hupita, umejitengenezea tundu. Mpira ulio chini ya kichwa cha msumari huliwa na jua, na hapo maji huanza kuingia kidogo kidogo kwenye mbao zinazobeba bati. Hapo kanisa halijavuja bado. Mbao zinaoza kimya kimya, na siku ya upepo mkali paa huondoka zima. Kubadilisha misumari na mipira yake ni kazi ya siku moja kwa mafundi wawili. Kuezeka upya ni harambee. Huko chini, kuelekea Tharaka, adui ni mwingine: mchwa hupanda kupitia ukutani, na njia yao ya udongo huonekana na yeyote anayefagia kwa macho wazi. Ndiyo maana ripoti ya Jumamosi ya mama wa zamu ina thamani kuliko ziara ya mhandisi.

Na kabla ya kutumia hata shilingi moja, wasimamizi waulize hati ya shamba iko kwa jina la nani. Kwa utaratibu wa Kimethodisti tangu hati ya mfano ya Wesley ya mwaka 1763, mali hushikwa na wadhamini kwa niaba ya kanisa lote, na Kenya kuna wadhamini waliosajiliwa kwa kazi hiyo. Shamba lililotolewa kwa mdomo na mzee fulani ambaye sasa ni marehemu, bila kuhamishwa kisheria, ni kesi inayosubiri wajukuu. Kuezeka upya juu ya ardhi isiyo yako ni sadaka kwa familia ya jirani.

Kurudi kwenye kalenda. Mvua za masika huanza Machi, za vuli Oktoba. Nafasi kavu ya kweli ya kupanda juu ya paa ni Januari na Februari. Julai na Agosti huku juu kuna ukungu na manyunyu, ingawa Tharaka ni pakavu. Kwa hiyo fedha za bonasi ya Oktoba, na zile za mnada wa mavuno, zisitumiwe Oktoba. Zitengwe katika akaunti ya matengenezo peke yake, ziguswe Januari, wakati Wamethodisti wanapofanya ibada ya Agano na kamati zinapopanga mwaka, na kazi iishe kabla ya Machi. Kila darasa lishike kipande chake cha jengo: moja gata na tangi, moja misumari, moja milango na vyoo. Kiongozi wa darasa akipita kumwona mgonjwa, apokee pia ile shilingi hamsini ya matengenezo, na kwa asiye nayo afanye kama Foy.

Mweka hazina unayesoma haya, kabla ya mkutano wa robo mwaka ujao ongeza mstari mmoja kwenye bajeti yako, mara tu baada ya makadirio ya sakiti na kabla ya vipaza sauti. Uandike "matengenezo", uweke kiasi mbele yake, hata kama ni kidogo, na usikubali kiazimwe.