Ni Nani Alipaye Dawa?

Katika likizo iliyopita, kwetu Ngamiani, mama yangu mdogo aliugua, ikalazimu apasuliwe. Fedha hazikuwapo, na cherehani yake ikauzwa. Twashukuru kuwa alipona. Lakini alirudi nyumbani hana tena kazi ya kumlisha. Tangu siku ile nimejiuliza: matibabu hulipwa na nani?

Baada ya Uhuru Serikali yetu iliazimia kutoa matibabu bure. Uchumi ulipolegea katika miaka ya 1980 dawa ziliadimika, na kuanzia mwaka 1993 wagonjwa walitakiwa kuchangia gharama katika hospitali za Serikali. Wajawazito na watoto walio chini ya miaka 5 walisamehewa. Mwaka 2001 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja, wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Lakini nchi nyingi hazikutimiza ahadi hiyo.

Hata hivyo si haki kuilaumu Serikali tu. Mfuko ni mmoja, na humo humo hutoka fedha za barabara, maji na shule. Ada ya bweni, iliyokuwa Sh. 70,000 kwa mwaka, ilifutwa mwaka 2016. Kwa hiyo nami nasoma kwa fedha za mfuko huo. Shilingi inisomeshayo haiwezi kununua dawa pia.

Basi dawa haikosi mlipaji. Tofauti ni wakati wa kulipa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 yataka tulipe kabla ya kuugua. Wazee wetu waijua njia hii katika vyama vya kufa na kuzikana: kila mmoja hutoa kidogo, naye aliyefikwa ndiye asaidiwaye. Lakini chama cha wagonjwa watupu hufilisika upesi. Yapasa wazima nao waingie, na wasio na kitu walipiwe kwa kodi ya wote.

Wazazi wetu, msingoje homa ndipo mtafute fedha. Na sisi wanafunzi, tutakapopata kazi, tusione uchungu kutoa fungu letu hali tu wazima. Mtu asiuze cherehani ili apone, kwani akisha kupona atashonea nini?

Mwanafunzi, Kidato cha Nne