Ukoma na Vita Ndani ya Mshipa

Labda umepata ukoma, ukaanza kumeza vidonge, na mabaka yakaanza kupungua. Kisha siku moja mabaka yanavimba tena, yanakuwa mekundu, na kiwiko kinauma. Unasema moyoni, "Dawa hii ni mbaya," ama, "Kuna mtu ananiroga." Usitupe vidonge. Sikiliza kwanza.

Ukoma unaletwa na mikrobe ndogo sana. Munganga Hansen wa Norway aliiona katika mwaka 1873. Inapenda sehemu za mwili zenye baridi kidogo, yaani ngozi, na mishipa ya fahamu iliyo karibu na ngozi. Mishipa hiyo ndiyo inayokupasha habari ya moto na ya mwiba, na kupeleka amri kwa vidole.

Ndani ya damu yetu mna askari. Kazi yao ni kuua mikrobe. Lakini pengine wanafanya kama mtu anayetaka kuua panya, akachoma nyumba yake. Wanaingia mshipani kwa wingi, nao mshipa unavimba. Ganda lake halipanuki. Basi mshipa unabanwa, na mwisho unakufa. Tena mikrobe zilizouawa na dawa, mizoga yake inakaa mwilini muda mrefu, na askari wanaendelea kupigana nayo. Kwa hiyo vita hii inaweza kuja ungali unameza dawa, hata baada ya kuimaliza.

Basi si dawa mbaya, wala si uchawi, wala si laana.

Angalia alama hizi:
1. Mshipa wa kiwiko, wa kando ya goti, ama wa kifundo cha mguu unauma.
2. Kidole kidogo kinalegea, ama mguu unaburuta.
3. Jicho halifumbi vizuri, ama linauma na kuwa jekundu.
4. Mkono ama unyayo umekufa ganzi.

Ukiona hata moja, njoo hospitali upesi. Munganga atapima nguvu za vidole, na akiona inafaa atakupa prednizoni, dawa ya kutuliza askari. Mshipa ulioumia chini ya miezi 6 mara nyingi unaweza kupata nafuu; uliokufa zamani haufufuki. Usinunue dawa hiyo sokoni, wala usiiache ghafula. Na vidonge vya ukoma uvimeze mpaka miezi uliyoambiwa, 6 ama 12, itimie.

Na wewe usiye mgonjwa, ukisikia jirani analia kiwiko, usimwambie aache dawa. Mlete.