Katlesi ya Kaa: Kaa Mwenyewe Yumo?

Je, umewahi kununua sambusa ya nyama, ukaila yote, nyama yenyewe usiione? Vitunguu tele, nyama harufu tu! Kama yamekukuta hayo, basi utawaelewa watu wa jimbo la Maryland, Marekani. Wao ubishi wao ni wa kaa.

Maryland iko kwenye Ghuba ya Chesapeake, anakovuliwa kaa wa buluu. Chakula wanachojivunia huko huitwa keki ya kaa. Jina lisikuchanganye, sukari haimo. Ni kama katlesi, ila badala ya viazi imejaa nyama ya kaa.

Siku hizi katlesi hizo huuzwa pia zikiwa zimegandishwa, ndani ya maboksi, madukani. Je, ni kitu kilekile? Na sisi wa jarida la afya yatuhusu nini? Twende polepole.

YA WENYEJI HUPIKWAJE?

Kaa hupikwa kwa mvuke, kisha nyama hutolewa kwa mkono, kipande kimoja kimoja. Kazi hiyo inachosha, ndiyo maana bei yake si mchezo. Vipande vinavyothaminiwa zaidi hutoka kwenye misuli miwili mikubwa ya miguu ya kuogelea. Mpishi huongeza yai, mayonezi, haradali, viungo, na chenga chache za mkate ili nyama ishikane. Kisha huoka au hukaanga. Ukiivunja, unaviona vipande vyeupe vya kaa. Kwao, chenga zikizidi, huo ni mkate!

YA KWENYE BOKSI JE?

Tusiionee bure. Wapo wapishi wa Maryland wanaogandisha katlesi nzuri kabisa na kuwapelekea wateja wa mbali. Barafu haimwondoi kaa. Inachofanya ni hivi: maji yaliyomo ndani ya nyama huganda na kuchana nyuzi zake, kwa hiyo ikiyeyuka hutoa maji na kulegea. Hapo kinachopungua zaidi ni utamu.

Tatizo huanza pale nyama, ambayo ni ghali, inapopunguzwa, na vitu vya bei rahisi kuongezwa: unga wa ngano, wanga, mafuta, chumvi. Nyingine hutiwa surimi. Hiyo ni nyama ya samaki iliyosagwa, ikachanganywa na wanga, ute wa yai, rangi na ladha ili ifanane na kaa. Surimi si sumu. Lakini si kaa.

Usidhani pia kwamba udanganyifu uko kwenye maboksi tu. Mwaka 2015 shirika la Oceana lilipima katlesi 90 kutoka mikahawa ya Maryland na Washington, zilizouzwa kwa jina la kaa wa Chesapeake. Asilimia 38 zilikutwa na kaa wa aina nyingine, kutoka nje. Mwaka 2018 mfanyabiashara mmoja wa jimbo jirani la Virginia alikiri mahakamani kuuza kaa wa nje kwa jina la kaa wa hapo.

AFYA INAINGIAJE?

Kwanza, aleji. Wapo watu ambao miili yao hukataa kaa na kamba. Wengine hukataa samaki, yai au ngano. Midomo huvimba, ngozi huwasha, na wengine hushindwa kupumua kabisa. Hapo ni kukimbilia hospitali mara moja, bila kusubiri! Kupika hakusaidii, wala kugandisha. Sasa fikiria kijana mwenye aleji ya samaki. Anajisemea, “Hii ni ya kaa, haina neno.” Kumbe ndani mna surimi. Kosa dogo la jina linaweza kumgharimu maisha.

Pili, chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Kwenye boksi mara nyingi huandikwa sodiamu. Zidisha kwa 2.5 upate chumvi. Mfano, miligramu 600 za sodiamu ni gramu 1.5 za chumvi. Karibu theluthi ya siku nzima imekwisha, na hujala chakula cha jioni!

SOMA NYUMA, SI MBELE

Mbele ya boksi kuna picha nzuri. Nyuma ndiko kuna habari. Fanya hivi:

1. Tazama orodha ya vitu vilivyotumika. Hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Kama unga unatangulia kaa, umeshapata jibu.

2. Tafuta maelezo ya aleji. Marekani, tangu 2006, sheria inataka samaki, ngano, yai na jamii ya kaa vitajwe waziwazi.

3. Ukiinunua, usiiache mezani iyeyuke kutwa nzima. Baridi hulaza vijidudu, haiviui vyote. Iyeyushie ndani ya friji, kisha ipike hadi katikati iwe ya moto sana.

Huenda hutafika Maryland kamwe. Lakini soseji unazijua, na sambusa za kugandishwa unazijua. Swali ni lilelile: kilichoandikwa mbele, ndani kimo? Geuza pakiti, usome. Na kama rafiki yako ana aleji, msomee na yeye.