Simu ya Mezani Inapohamia Intaneti: Usalama wa Mgonjwa Aishiye Peke Yake

Tangu Alexander Graham Bell apate hataza ya simu mwaka 1876, sauti ya binadamu imesafiri ndani ya waya wa shaba kwa karibu karne moja na nusu. Katika nchi nyingi zilizojenga mitandao hiyo mapema, zama za waya huo sasa zinafikia ukingoni. Nchini Uingereza, mtandao wa zamani wa simu za mezani umepangiwa kufungwa mwishoni mwa Januari 2027, na kila nyumba itakayotaka kuendelea kuwa na simu ya mezani italazimika kupiga na kupokea simu kwa njia ya intaneti.

Kwa watu wengi badiliko hilo ni dogo: waya wa simu huchomolewa ukutani na kuchomekwa nyuma ya ruta, namba hubaki ileile, na mazungumzo huendelea. Kwa mzee aishiye peke yake, aliyevaa kitufe cha dharura shingoni au kwenye kifundo cha mkono, badiliko hilohilo linagusa uhai. Kwa makadirio ya serikali ya Uingereza, takriban watu milioni 1.8 nchini humo hutegemea huduma ya kengele ya dharura nyumbani, na kwa miaka mingi kengele hizo ziliita msaada kupitia waya wa shaba.

Suala hili haliko mbali na wasomaji wa Kiswahili. Wauguzi na walezi wengi kutoka Afrika Mashariki hufanya kazi katika hospitali, nyumba za wazee na majumba ya watu binafsi nchini Uingereza, na familia nyingi za Kenya, Tanzania na Uganda zina wazazi na jamaa wanaozeekea huko. Mara nyingi mlezi aingiaye nyumbani kila asubuhi ndiye mtu wa kwanza kuona kwamba kisanduku cha kengele kimehamishwa, kimezimwa au kimebaki kimechomekwa mahali pasipo na uhai.

Waya uliobeba umeme wake

Ili kuelewa hatari, ni lazima kwanza kuelewa sifa moja ya simu ya zamani ambayo watumiaji wengi hawakuwahi kuifikiria. Waya wa shaba ulibeba sauti pamoja na umeme mdogo wa takriban volti 50, uliotoka katika kituo cha simu cha mtaa. Vituo hivyo vilikuwa na betri kubwa na jenereta. Umeme wa nyumbani ulipokatika, simu ya kawaida yenye waya iliendelea kufanya kazi gizani, na mgonjwa aliweza kupiga 999 au 112 bila kujali hali ya taa zake.

Simu ya intaneti haina sifa hiyo. Ruta huhitaji umeme wa nyumbani, na palipofungwa mkonga wa nyuzi za mwanga, kifaa kinachoupokea huhitaji umeme pia. Nyuzi hizo ni za kioo, hazipitishi umeme wa kuendeshea simu. Umeme ukikatika, ruta huzima, na simu huzima pamoja nayo.

Sababu za kuhama ni za kweli. Sehemu kubwa ya mitambo ya zamani ilibuniwa kabla ya zama za intaneti. Vipuri vyake vimekuwa adimu, na mafundi wanaoifahamu wanastaafu. Mtandao unaochakaa nao ni hatari kwa mgonjwa, kwa sababu hitilafu huongezeka na matengenezo huchelewa. Kwa upande mwingine, simu ya intaneti inaweza kutoa sauti safi zaidi na kuzuia kwa urahisi simu za matapeli, ambao huwalenga wazee.

Sauti inapokatwa vipande

Tofauti ya pili haionekani kwa macho. Katika simu ya intaneti, sauti hugeuzwa kuwa tarakimu, hukatwa katika vipande vidogo vidogo, kisha kila kipande hutumwa peke yake. Upande wa pili vipande hupangwa upya. Kipande kimoja kikipotea au kikichelewa, sikio la binadamu halitambui, kwa kuwa akili hujaziliza neno lililopungua.

Kengele ya zamani ya dharura haina akili ya namna hiyo. Mgonjwa akibonyeza kitufe, kisanduku kilicho nyumbani hupiga simu kwenye kituo cha kupokea wito na kujitambulisha kwa milio maalumu. Kituo hujibu kwa milio yake, na baada ya maafikiano hayo ndipo mpokeaji huona jina na anwani ya mgonjwa na kuanza kuzungumza naye. Milio hiyo ina urefu na mpangilio uliopimwa kwa sehemu ndogo sana za sekunde. Sauti ikibanwa ili ipite upesi, au ikichelewa njiani, mlio unaweza kuharibika, na wito ukashindwa kukamilika ingawa simu yenyewe inasikika vizuri.

Ndiyo maana haitoshi kuinua simu na kusikia mlio wake, kisha kuhitimisha kwamba kengele nayo inafanya kazi. Vilevile taa ya kisanduku haitoshi kuwa ushahidi. Kisanduku hupata umeme wake kutoka ukutani na huwa na betri yake, hivyo kinaweza kuwaka hata kikiwa kimeunganishwa na waya wa simu ambao tayari umekufa.

Saa ya kwanza sakafuni

Wahudumu wa afya wanajua kwa nini dakika hizo ni muhimu. Mzee aliyeanguka na kushindwa kuinuka huanza kudhurika na sakafu yenyewe, hata kama hakuvunjika mfupa. Misuli iliyogandamizwa kwa muda mrefu huharibika, na mabaki yake huingia katika damu na kuweza kuziumiza figo. Ngozi hupata vidonda vya mgandamizo. Joto la mwili hushuka, maji mwilini hupungua, na kifua hukaribisha nimonia. Dawa za sukari, moyo au kifafa hupitwa na wakati wake.

Utafiti uliofanywa na Wild na wenzake, ukachapishwa katika jarida la tiba la Uingereza mwaka 1981, ulionyesha kwamba nusu ya wazee waliolala sakafuni kwa saa moja au zaidi walifariki ndani ya miezi sita, hata pale ambapo kuanguka kwenyewe hakukuwajeruhi moja kwa moja. Baadhi yao bila shaka walikuwa dhaifu tangu mwanzo, lakini kukaa muda mrefu sakafuni kumebaki kuwa dalili ya hatari ambayo hakuna daktari anayeipuuza.

Utafiti mwingine, wa Fleming na Brayne mwaka 2008, uliwafuatilia watu wa Cambridge wenye umri wa zaidi ya miaka 90. Wengi walikuwa na kengele za kuitia msaada, lakini wengi wa waliolala sakafuni kwa muda mrefu hawakuzitumia. Kitufe kilichotundikwa msumarini hakimsaidii aliyeangukia bafuni, na aliyezoea kujitegemea huona haya kusumbua watu usiku. Kwa hiyo usalama una nguzo tatu: kitufe kivaliwe, mvaaji awe tayari kukibonyeza, na wito ufike. Kuhamia intaneti kunaigusa nguzo ya tatu, lakini ni fursa ya kuzikagua zote.

Uingereza ilivyojifunza

Mwishoni mwa Novemba 2021, kimbunga Arwen kilikata umeme katika nyumba zaidi ya milioni moja nchini humo, na baadhi ya vijiji vilikaa gizani kwa zaidi ya wiki. Dhoruba nyingine zilifuata Februari 2022. Mwezi uliofuata, kampuni ya BT ilisimamisha kwa muda uhamishaji wa wateja wake, baada ya kulaumiwa kwamba haikuwa imejiandaa vya kutosha kwa nyumba zitakazokosa umeme na simu kwa pamoja.

Desemba 2023, baada ya matukio mazito ambapo kengele za dharura zilishindwa kufanya kazi kufuatia uhamishaji, serikali ilikutana na makampuni makubwa ya simu, nayo yakatia saini mkataba wa hiari. Yaliahidi kutomhamisha kwa lazima mtumiaji wa kengele mpaka ithibitike kwamba ana kifaa kinachoafikiana na mfumo mpya. Tarehe ya kufunga mtandao wa zamani, ambayo awali ilikuwa mwisho wa mwaka 2025, ilisogezwa Mei 2024 hadi mwisho wa Januari 2027.

Mamlaka ya mawasiliano, Ofcom, inayataka makampuni yampatie mteja anayetegemea simu ya mezani njia ya kupiga simu ya dharura kwa angalau saa moja umeme unapokatika. Mteja wa namna hiyo ni kama yule anayeishi mahali pasipo na mawimbi ya simu ya mkononi, na halipishwi gharama ya kinga hiyo. Saa moja yatosha kumwita mwenye gari la wagonjwa, lakini haitoshi kwa usiku mzima wa dhoruba. Mgonjwa anayetumia mashine ya kuzalisha oksijeni yuko katika hatari maradufu: umeme uleule unaozima mashine yake ndio unaozima simu ambayo angeitia msaada.

Mambo ya kukagua nyumbani

Hatua ya kwanza ni taarifa. Kampuni ya simu haiwezi kujua kwamba mteja wake amevaa kitufe cha dharura isipoambiwa, na mtoa huduma ya kengele hawezi kujua kwamba laini imebadilishwa asipopigiwa simu. Mgonjwa, mwanawe au mlezi wake aziarifu pande zote mbili kabla ya tarehe ya kuhamishwa, na aandike jina la aliyezungumza naye na jibu alilopewa.

Pili, mtoa huduma ya kengele aulizwe kama kifaa kilichopo kimeundwa kwa mtandao wa tarakimu au kinategemea milio ya zamani. Kama kitabadilishwa na chenye laini ya simu ya mkononi ndani yake, iulizwe kinatumia kizazi gani cha mtandao. Makampuni ya Uingereza yameshafunga au yanafunga mitandao ya 3G, na yamekubali kwamba ya 2G haitavuka mwaka 2033. Si busara kumtoa mgonjwa katika waya unaokufa na kumpeleka kwenye mawimbi yanayokufa.

Tatu, kitufe kijaribiwe siku ileile laini inapobadilishwa, fundi akiwa bado nyumbani. Jaribio halali ni lile ambalo mgonjwa mwenyewe anabonyeza, kituo kinajibu, na mpokeaji anataja jina na anwani sahihi. Baada ya hapo jaribio lirudiwe kila mwezi. Vifaa vingine vilivyotumia laini hiyo vikaguliwe pia: visanduku vya zamani vinavyotuma kwa simu taarifa za kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo, kengele za moshi zilizounganishwa na kituo, na simu za dharura ndani ya lifti.

Nne, nyumba iwe na njia ya akiba: betri ya ruta, au simu rahisi ya mkononi iliyochajiwa na kuwekwa karibu na kitanda. Asiyeweza kuzungumza au kusikia vizuri anaweza kutuma ujumbe mfupi kwa 999, ila ni lazima awe amejisajili mapema. Anayetegemea mashine ya umeme ajiandikishe katika orodha ya wateja wa kipaumbele ya kampuni ya umeme ya eneo lake, na akariri namba 105, inayopigwa bure umeme unapokatika.

Somo kwa Afrika Mashariki

Nyumba nyingi za Afrika Mashariki hazikuwahi kuwa na simu ya mezani. Ziliruka moja kwa moja hadi simu ya mkononi. Hospitali, hata hivyo, zina simu za mezani wodini, maabara na vyumba vya upasuaji, na nyingi za simu hizo sasa hupitia mtandao wa kompyuta. Jenereta inaweza kuwaka baada ya sekunde chache, lakini vifaa vya mtandao vikizima huchukua dakika kadhaa kuamka. Katika dakika hizo, muuguzi aliye na mama anayevuja damu hana simu ya kuitia benki ya damu. Kila wodi ingefaa ijue kama vifaa hivyo vina betri ya akiba, betri hiyo hudumu muda gani, na nani ana simu ya mkononi yenye namba zote muhimu.

Jibu la maswali hayo halipatikani kwa kusoma mwongozo. Hupatikana kwa kuzima umeme wa mtandao kwa makusudi, mchana, mafundi wakiwapo na wagonjwa wakiwa salama, na kuona ni simu ipi itakayoita.