Friji ndani ya Gari: Waya Mmoja Waweza Kukuletea Hasara

Huenda wewe huamkia Kisumu kununua samaki wa kuuza Kakamega. Au pengine kwenu kuna mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini, na Krismasi ikifika familia nzima hufunga safari kutoka Nairobi. Friji ndogo ya volti 12 ni msaada mkubwa. Lakini ikiunganishwa kiholela, itakuozea samaki, itakumalizia betri, au hata itateketeza gari.

Usitegemee tundu la kuwashia sigara. Plagi hulegea gari likirukaruka, ikapata joto, na nyaya zake aghalabu ni nyembamba. Friji inayovuta ampea 5, ikiwa mita 5 kutoka kwa betri, hupoteza zaidi ya volti 1 kwenye waya wa milimita 0.75 za mraba. Kwa waya wa milimita 6 za mraba, hupoteza chini ya volti 0.2. Friji ikikosa nguvu hujizima, nawe wadhani dawa ingali baridi!

Mwambie fundi avute nyaya mbili mpya, chanya na hasi, moja kwa moja kutoka kwa betri. Kwenye waya chanya atie fyuzi ya ampea 15, karibu kabisa na betri. Wengi hudhani fyuzi ni ya kulinda friji. La hasha! Hulinda waya. Waya ukichunika na kugusa bodi, fyuzi hukatika; isipokuwapo, waya huwa mwekundu kama kaa na moto huanza. Kila unapopenya bati, uwekewe mpira.

Na betri je? Friji ikivuta wastani wa ampea 2, katika saa 10 imekula theluthi ya betri ya ampea-saa 60. Asubuhi gari laweza kukataa kuwaka. Kwa hiyo aweke rilei inayokata umeme injini ikizimwa. Ukilala njiani, hamishia dawa kwenye friji ya nyumba.

Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na isigande kamwe. Weka kipimajoto ndani.

Kabla ya safari ndefu, endesha saa moja friji ikiwaka, kisha simama ushike waya na plagi. Ukihisi joto, mrudie fundi siku hiyo hiyo.