Vijana Wanaojipanga Mistari Alfajiri

Mtu akipita Barabara ya Kilwa alfajiri, akafika Bungu au Kibiti na kuwakuta vijana peku wamejipanga mistari kwenye mchanga, wanatupa ngumi kwa pamoja na kupiga ukelele mmoja, wazo la michezo halimjii kwanza. Anakumbuka 2017. Anakumbuka tarehe 13 Aprili ya mwaka ule, askari polisi wanane walipouawa Mkengeni, jirani na Jaribu Mpakani. Anakumbuka wenyeviti wa vijiji na watendaji waliopigwa risasi mmoja baada ya mwingine, bodaboda zilizozuiwa usiku, na Kanda Maalumu ya Kipolisi Rufiji iliyoundwa kwa sababu hiyo.

Simlaumu kwa kukumbuka. Sisi wenyeji ndio tuliochimba makaburi. Ninachokataa ni hukumu inayofuata: kwamba kijana wa Kibiti au wa delta ya Rufiji akifundishwa kukunja ngumi, basi anaandaliwa kwa ubaya. Nimeulizwa swali hilo kwenye basi, kwenye foleni ya hospitali, hata msibani: "Mwalimu, hawa watoto mnawaandaa kwa ajili ya nini?" Anayeuliza hajawahi kukaa chini akatazama mazoezi tangu mwanzo hadi mwisho. Angetazama, angegundua kwamba muda mwingi wa chuo cha karate unakwenda kwenye mambo ambayo bibi yake angeyatambua mara moja.

Katika nchi hii ya Mto Rufiji kufundisha vijana kupigana ilikuwa kazi ya wazee, na haikufanywa kwa kificho. Mwaka 1904 Kinjikitile Ngwale alipoanza kugawa maji ya dawa pale Ngarambe, watu walimiminika kutoka Umatumbi na kutoka bondeni. Hawakupewa maji wakaondoka tu. Wazee waliomsimulia mwanahistoria Gilbert Gwassa miaka ya 1960 walieleza habari za likinda, mazoezi ya kivita yaliyofanywa kwa mpangilio chini ya viongozi. Mwaka uliofuata pamba iling'olewa Nandete, vita ya Maji Maji ikaanza, na tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani wakamnyonga Kinjikitile hapo Mohoro. Vitabu vya shule vinakumbuka maji. Likinda halitajwi, na kwa hiyo mtoto anamaliza darasa la saba akiamini babu zake waliikabili bunduki kwa ushirikina mtupu, bila kujifunza hata namna ya kusimama.

Kisha kulikuwa na jando. Wavulana walipelekwa porini, wakajengewa kumbi, ngariba akafanya kazi yake, na majuma yaliyofuata yalikuwa ya makungwi. Waliimbiwa nyimbo zenye mafumbo, wakatakiwa kuyafumbua. Walizoeshwa baridi ya alfajiri, walizoeshwa kunyamaza mkubwa anapozungumza, walifundishwa kwamba maumivu hayatangazwi. Siku ya kutoka kumbi lilichomwa moto, wakavikwa nguo mpya na kurudi kijijini kwa ngoma. Siku hizi mtoto anapelekwa zahanati asubuhi wakati wa likizo, na jioni yuko nyumbani mbele ya televisheni. Wembe safi ni neema, wala simtamani ngariba wa zamani na kisu chake kimoja kwa watoto wote. Ila makungwi nao waliondoka siku ileile alipoondoka ngariba, na hakuna aliyeuliza kazi yao ataifanya nani.

Karate ilitufikia kwa njia ndefu. Miaka ya 1970, katika shule ya Zanaki jijini Dar es Salaam, Mmarekani Mweusi aliyeitwa Nantambu Camara Bomani alifundisha Goju-ryu, mtindo ulioasisiwa na Chojun Miyagi wa Naha, kisiwani Okinawa. Waliofundishwa pale wakawafundisha wengine, na hao wakatufundisha sisi vijana wa kusini tuliokwenda mjini kutafuta kazi. Wakati huohuo vibanda vya video vilikuwa vimejaa filamu za Bruce Lee, na baadaye sauti ya Lufufu akizitafsiri filamu za Wachina kwa Kiswahili. Filamu zilituletea wanafunzi wengi, na zikawaharibu wengi vilevile, maana walikuja wakitaka kuruka kabla ya kujua kusimama.

Chuo chetu hakina jengo. Kina uwanja wa mchanga chini ya miembe, na mpaka wake ni vifuu vya nazi vilivyofukiwa nusu. Lakini mpaka ule una heshima ya kizingiti cha msikiti. Kandambili zinaachwa nje, zimepangwa kwa safu, ncha zikitazama nje. Mdogo anamwamkia mkubwa "shikamoo" na kungoja "marahaba" kabla ya salamu yoyote ya Kijapani. Ndipo uwanja unafagiliwa, na wa kwanza kushika ufagio ni mwenye mkanda mweusi. Mgeni hufagia mwisho, akiwa ameshaona wakubwa wake wamefanya nini. Wazazi wanaokuja mara ya kwanza hustaajabia jambo hili kuliko mateke yote: kijana ambaye nyumbani hagusi ufagio, kwa kuwa ana dada, hapa anagombea zamu yake.

Mtoto haji peke yake. Analetwa kwa mkono na baba, mama au mjomba, na mwenye kumleta anasema mbele ya wote, "Mwalimu, huyu ni mwanao." Jina la mtoto, la mzazi na la kitongoji yanaandikwa kwenye daftari. Asiye na mtu wa kumleta anaambiwa akamtafute mzee wa mtaa wake. Tumewapoteza vijana wenye vipaji kwa kanuni hii, na hatutailegeza.

Kuhusu kuinama, hapo kulikuwa na shida ya kweli. Okinawa wanafunzi hupiga magoti, wakaweka viganja chini na kuinamia upande ilipo picha ya mwasisi. Huku kwetu, ambako watu wengi ni Waislamu, umbo hilo ni la sijda. Imamu wetu alikuja siku moja baada ya Alasiri, akakaa kimya mpaka mazoezi yakaisha, kisha akauliza, "Mwalimu, hawa wanamsujudia nani?"

"Hawamsujudii mtu, Shehe. Wanaamkiana."

"Basi waamkiane kama watu wanaoamkiana."

Tulizungumza hadi karibu na Magharibi. Tangu hapo hatuna picha na hatupigi magoti kwa salamu. Tunasimama wima, mkono wa kulia kifuani, kichwa kinashuka kidogo na macho yanabaki kwa mwenzako. Wapo walimu wa mjini wanaosema tumeiharibu desturi. Mimi naona tumeipa makazi. Vipindi navyo vinafuata sala: kimoja baada ya Alfajiri, kingine baada ya Alasiri, na lazima kiishe kabla ya adhana ya Magharibi. Mwezi wa Ramadhani tunahamia usiku baada ya Tarawehe, isipokuwa ile miezi ya hofu ya 2017, ambapo hakuna aliyethubutu kutoka nje na uwanja ukaota nyasi.

Sasa niseme habari ya Sanchin, kwa sababu ndiyo inayosingiziwa zaidi. Ni kata, yaani mfululizo wa miondoko iliyopangwa, yenye hatua chache mno: mbele, mbele, geuka, rudi. Miguu inakita chini, magoti yanaelekea ndani, tumbo linakaza, pumzi inavutwa puani na kutolewa kwa nguvu hadi inasikika. Mwanafunzi akiwa katikati ya kata, mwalimu anamzunguka na kumpiga kwa viganja mabegani, mgongoni, mapajani. Mpita njia huona kijana anachapwa hadharani na hajitetei. Anachofanya mwalimu ni kukagua. Kiganja kinauliza msuli uko macho au umelala, na mwili unajibu bila mdomo kufunguka. Mwalimu mwenye hasira haruhusiwi kufanya ukaguzi huu. Anampisha mwingine, naye anakaa pembeni hadi moyo utulie.

Vijana wa delta huipata Sanchin upesi kuliko wa kando ya barabara kuu. Mtu aliyekulia Mbwera au Salale amesimama ndani ya mtumbwi tangu utoto, upondo mkononi, na kusimama Sanchin ni kama kusimama mtumbwini maji yanapovuta: uzito chini, mabega mepesi, macho mbali. Niliwahi kumpa mvulana wa Nyamisati fundisho la kwanza la mkao huo, nikakuta hakuna cha kurekebisha. Mikono yao nayo imeshakomazwa na makasia na boriti za mikoko. Okinawa hushika mitungi ya udongo kwa ncha za vidole ili kuimarisha mshiko. Sisi tunajaza mchanga kwenye makopo ya rangi. Nguzo ya kupigia ngumi tumeifunga kamba ya makumbi.

Mpunga ukikaribia kuiva safu zinapungua. Vijana wako mashambani juu ya madungu, wanalinda dhidi ya ndege mchana na nguruwe usiku. Hatumwandikii utoro aliye dunguni. Anaporudi anaulizwa swali moja tu, kama alifanya Sanchin yake huko juu, na uongo huonekana mara anapovuta pumzi.

Mwenye kuchelewa anakaa kwa magoti nje ya vifuu hadi aitwe. Mwenye kupigana mitaani ana adhabu nzito zaidi. Anavuliwa mkanda na kufungwa mweupe hata kama alikuwa wa kahawia, halafu anakwenda na mzazi wake na mwalimu wake kwa yule aliyempiga, kuomba radhi barazani mbele ya majirani. Nimewaona vijana wenye misuli wakilia machozi kwenye matembezi hayo. Kwa kawaida kijana hahitaji kwenda mara ya pili.

Mitihani ya mikanda na mashindano ya medali yapo, kama yalivyo kila mahali. Kuvunja matofali ni kwa ajili ya sherehe za shule.

Wasichana wameanza kuja, na hili limezua maneno. Bibi zetu waliwekwa ndani walipovunja ungo, na mwali wa Rufiji hakuonekana njiani hadi siku ya kutolewa. Mama anayemleta binti yake uwanjani leo anajua atasemwa. Tunawapanga wasichana safu yao, wanavaa suruali pana na mitandio iliyobanwa, na sempai wao, yaani mwanafunzi mkubwa anayewaongoza, ni mwanamke. Sioni kwamba tumevunja cha bibi. Somo alimfundisha mwali kuutambua mwili wake na kuulinda. Binti anayejua kumtoa mtu mkono shingoni ameendelea na somo lilelile.

Kinachoniuma ni kwamba haya yote yanapungua machoni petu. Vijana wanakwenda Mbagala kuendesha bodaboda, na wanaobaki wanajifunza mateke kwenye simu, peke yao chumbani, bila mtu wa kuwaambia washike ufagio. Wapo walimu wanaogawa mikanda kwa wiki kadhaa za mafunzo, mzazi akilipa. Miyagi mwenyewe, aliyefariki mwaka 1953, hakumpa mwanafunzi yeyote mkanda mweusi maishani mwake. Na wapo wazazi waliowatoa watoto wao kwetu baada ya 2017, wakiogopa jina la mtoto kuonekana kwenye orodha ya wanaojua kupigana. Daftari letu, tulilolianzisha ili kila mtoto awe na mwenyewe, likageuka kitu cha kuogopwa. Nililia siku mama mmoja, jirani yangu, aliponiomba nifute jina la mwanawe. Nikalifuta. Kijana yule sasa hana kumbi wala uwanja, na sijui jioni zake anazipitisha na nani.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Waliotuua hawakufundishwa kwenye viwanja chini ya miembe, adhana ikisikika na watoto wakichungulia. Walijificha. Hawakuwa na imamu wa kuwauliza wanamsujudia nani, wala mjomba wa kusema "huyu ni mwanao". Kijana asiye na mahali pa kuonyesha nguvu zake mbele ya wazee ndiye anayeweza kuitwa porini na mtu yeyote. Kwa hiyo anayefunga viwanja kwa kuihofia Kibiti ya 2017 anawanyima watoto wetu kile ambacho kingewazuia wasiitike wito ule.

Sheria ipo tayari. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na vilabu vinapaswa kusajiliwa. Nasi tuandikishwe, tukaguliwe, tuulizwe. Ninawaomba watendaji wa vijiji na kata, kuanzia Bungu hadi Mohoro na huko visiwani kwenye mikoko, waje wakae nasi kipindi kizima, wasome daftari, wazungumze na wazazi. Ninawaomba na wazazi waliowatoa watoto wao wawarudishe. Na popote watakapokuta mazoezi yanafanyika gizani, hakuna mzee, hakuna mama aliyemleta mtoto wake kwa mkono, hayo ndiyo wayapeleke polisi, na sisi tutakwenda nao.