Kosa la dakika mbili lililokula faida yangu ya mwezi: foo-wili kwenye kona kali

Humu tumezoea kuongelea picha za bidhaa, bando na wateja wanaouliza bei halafu wanapotea. Leo naongelea gari. Najua wengi wetu hatuna gari, na ndiyo maana naliongelea hili. Tunakodi za watu, na ikiharibika ikiwa na mzigo wetu, hapo ndipo maneno yanapoanza.

Mimi nina kaduka Ngamiani, Tanga mjini, na viungo vyangu vingi nauza mtandaoni. Iliki, mdalasini na pilipili manga nafuata Amani, kule juu ya Muheza. Masika moja nikapata oda ya mteja wa Dar, kilo 25 za iliki. Alishatanguliza nusu ya hela. Tulikubaliana mzigo upande basi la jioni ile ile. Tukakodi pikapu watu watatu ili nauli iwe nafuu.

Kushuka kutoka Amani udongo ulikuwa umelowa, unateleza kama sabuni. Dereva akaweka foo-wili, tukashuka salama. Kufika Muheza, jua linawaka na lami kavu. Akajaribu kurudisha gia ndogo kwenye H2, ikagoma.

Akaniambia, "Bosi, nisimame kidogo niitoe hii."

Nikaangalia saa. Nikamjibu, "Kaka, achana nayo, si gari inatembea? Tuwahi."

Kumbuka maneno yangu hayo.

Tulikuwa tunaingia kwenye ua mmoja kushusha mzigo wa mwenzetu. Geti jembamba, kona kali. Dereva akakata usukani mpaka mwisho. Usukani ukawa mzito, gari ikawa kama mtu kavuta hendibreki. Tairi zinalia, gari inarukaruka. Akaongeza mafuta. Tukasikia "ta!" chini. Kros ya propela ya mbele imekatika.

Fundi alipokuja kufungua ile propela ili turudi kwa tairi za nyuma tu, basi lilishaondoka. Mteja hakutaka kusikia habari ya kesho, akadai hela yake, nikarudisha. Mwenye gari akasema tumezidisha mzigo. Dereva naye akasema ukweli: alitaka kuitoa foo-wili, mimi nikakataa. Matengenezo yalifika laki mbili na nusu, nusu nikalipa mimi. Iliki ile niliiuza kwa vipimo vya kijiko kwa miezi miwili.

Kwa nini ilitokea

Yule fundi alichukua kijiti akanichorea chini. Gari ikikata kona, tairi za mbele na za nyuma hazipiti njia moja. Za mbele zinachora duara kubwa, za nyuma zinakatiza kwa ndani.

Nilienda kupiga hesabu nyumbani. Chukua gari ambayo kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 3. Ekseli ya nyuma ikizunguka duara la mita 5 kutoka katikati, ya mbele inazunguka duara la karibu mita 5.8. Ukigeuza nusu duara, nyuma imetembea mita 15.7, mbele mita 18.3. Tofauti ni mita 2 na nusu, zaidi ya mzunguko mzima wa tairi!

Ukiwa H2 hakuna shida, injini inasukuma nyuma, mbele inajiendea. Tairi ya kulia na ya kushoto nazo zinaachiana kwa sababu ya difu. Lakini kwenye pikapu nyingi, ukiweka H4 au L4, propela ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja, zinazunguka sawa sawa. Mbele inataka kwenda mbali zaidi na inakataliwa.

Kwenye tope au mchanga tairi inateleza kidogo, ile tofauti inaisha yenyewe. Kwenye lami kavu tairi imeshika, haitelezi. Nguvu yote inajikunja ndani ya kros, propela na transfa. Ndiyo maana gia iligoma kutoka. Ile ilikuwa dalili, mimi nikaiona kero.

Mambo ya kushika

1. Foo-wili ni ya tope, mchanga na njia inayoteleza. Ukifika lami kavu, itolewe kabla ya kona ya kwanza.

2. Gia ikigoma kutoka, msilazimishe. Simameni sehemu salama, mrudi nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka, kisha dereva ajaribu tena. Mara nyingi inaachia. Dakika mbili tu.

3. Usukani ukiwa mzito na gari ikirukaruka kwenye kona, dereva asiongeze mafuta. Asimame, anyooshe tairi.

4. Wenzangu mnaofuata mboga Lushoto, ile barabara ya Mombo kupanda ni ya lami na kona zake mnazijua. Ikiwa kavu, usimwambie dereva aweke foo-wili eti gari itulie. Kushuka kunataka gia nzito na mwendo mdogo.

5. Uliza gari ni ya aina gani. Hilux ya H2, H4 na L4 ndiyo hiyo niliyoeleza, na Land Cruiser pikapu vile vile. Defender 110 ina difu ya katikati, tairi zote zinavuta muda wote na inakata kona vizuri, ila ile loki ya katikati ikifungwa, yanarudi yale yale.

6. Tairi za mbele na nyuma ziwe saizi moja na zisipishane sana kuisha. Mpya mbele na vipara nyuma, ukiwa foo-wili zinavutana hata kwenye njia iliyonyooka.

7. Kabla ya kupakia, kubalianeni nani analipa gari ikiharibika njiani. Iandikeni hata kwa meseji.

Siku hizi nikimwambia mteja mzigo unapanda basi la jioni, kichwani nimeshaweka saa nzima ya ziada. Na dereva akisema, "Bosi, nisimame kidogo," nashuka nanunua machungwa ya Muheza, namsubiri amalize.